Kyalo, Usiongeze Pleti

Umoja, Nairobi

Mpendwa mwanangu Kyalo,

Susu wako amemaliza kliniki na amerudi Kangundo. Goti bado linamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa, maana alinisema njia nzima mpaka stendi kwamba wajukuu wa Nairobi wamemsahau. Binamu yako amejifungua mtoto wa kike, mzito, wa kulia usiku. Maji yamekatika tena, tunanunua ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni amepandisha bei kwa sababu anajua hatuna la kufanya.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu zangu unazipokea ukiwa barabarani. Unasema "ndio shangazi, ndio shangazi," halafu mtandao unapotea. Barua hii nimempa dadako aitie mkononi mwako. Najua mama yako ataifungua kwanza, na aifungue tu. Wifi, karibu usome. Haya yanakuhusu hata wewe, maana ni wewe uliyemwambia mtoto kwamba gari la marehemu halichoki.

Juzi nilipita soko la Mutindwa kununua mboga nikaliona lile Land Cruiser la kaka yangu limeegeshwa, trela la mahema na viti limefungwa nyuma. Gari limechuchumaa, Kyalo. Bampa ya nyuma inataka kulamba lami, pua inaangalia ghorofa ya tatu. Nikainama nikachungulia, na watu wakanishangaa, mama mzima na kikapu chake. Pleti za springi zimelala kabisa, na zile za kushoto zimeanza kupinda kuelekea upande usio wake. Kijana wako wa mizigo akaniambia kwa furaha kwamba Ijumaa fundi anaongeza pleti moja kila upande, na Jumamosi mnaenda mazishi ng'ambo ya Tala.

Sikubali. Nisikilize kwanza, ndipo useme ndio shangazi.

Wewe ulinikuta Grogan. Ulikuwa ukiletwa pale ukiwa na sare ya shule, ukilala juu ya maboksi. Barabara ina jina lake la Kirinyaga Road, lakini mpaka leo mtu wa spea husema anaenda Grogan, kwa yule Mzungu aliyejulikana kwa kutembea Afrika kutoka kusini hadi Cairo. Mume wangu aliuza beringi na gasketi, vitu safi vya kufungwa kwa karatasi. Mimi niliachiwa springi, kwa kuwa ni nzito, zina kutu, na wanaume wa duka hawakutaka kuchafua mashati. Basi nikazijua. Mteja akija na springi yake ya zamani begani, nilikuwa najua anabeba nini kabla hajafungua mdomo: mwenye mawe ya Ndarugo pleti zake zimekaa bapa pande zote mbili, mwenye ng'ombe upande mmoja umechoka kuliko mwingine, na mwenye trela pleti zimekwaruzana pale katikati, karibu na senta bolti, mpaka zimechimbana.

Sasa nikwambie kwa nini hiyo pleti moja ya fundi wako ni mtego. Inapoingia, gari linainuka siku hiyo hiyo. Unalizunguka, unapiga picha, unamlipa. Lakini pleti hiyo mpya ni ngumu na zile nyingine zimechoka, kwa hiyo kila shimo linapigwa na mmoja, na wazee walio juu yake wanavunjwa kidogo kidogo. Na anayeumia zaidi ni pleti kuu, ile ya juu iliyoviringwa ncha zote mbili ili pini ipite. Watu hudhani springi kazi yake ni kubeba tu. Kwa gari kama lako, springi ndiyo inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma. Hakuna chuma kingine cha kuishika. Pleti kuu ikikatika ukiwa kwenye mwendo, ekseli inabaki na upande mmoja tu wa kushikilia.

Niliona hivyo kwa mteja wangu wa kabichi. Pikapu yake ilikuwa imeongezwa pleti, ikakatika kwenye Jogoo Road kabla ya kufika City Stadium. Ekseli iliteleza nyuma upande wa kulia, tairi likang'ang'ana kwenye madigadi mpaka likatoa moshi, na propela shafti ikachomoka. Alikuwa anaenda polepole kwa sababu ya foleni, ndiyo maana alikuja dukani mwenyewe kwa miguu yake kunieleza. Wewe Jumamosi hutakuwa kwenye foleni. Utakuwa umepita Ruai, Kamulu na Joska, trela la tani nzima mgongoni, vijana watatu ndani ya gari.

Na kuna mengine unayoyaona kila siku ukidhani ni mambo ya kawaida. Usiku madereva wa mbele wanakuwashia taa kali na wewe unawatukana. Ni taa zako zinazowachoma macho, kwa kuwa pua imepanda. Usukani umekuwa mwepesi na unajisifu kwamba pawa imekubali. Gurudumu la mbele limepungukiwa na uzito, na hilo ndilo linalokata kona, ndilo linalofanya kazi kubwa ya breki. Trela likianza kucheza kushoto na kulia, utakuwa na usukani usioshika barabara vizuri.

Usikubali pia kupelekwa kwa wa kupiga nyundo. Pleti iliyochoka ikikunjwa upya bila kuchomwa na kuzimwa kwa utaratibu wake hurudi chini baada ya muda mfupi. Na yeyote atakayekwambia atachomelea pleti iliyopasuka, mshukuru, uwashe gari uondoke. Chuma cha springi kikipigwa weldingi hupoteza kile kinachokifanya kiwe springi.

Unachohitaji ni springi mbili kamili, kushoto na kulia kwa pamoja. Usibadilishe upande mmoja eti mwingine bado. Kabla hujaenda kununua, egesha gari mahali tambarare bila trela, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, uandike. Hesabu pleti zilizoko. Pima pia urefu kutoka senta bolti hadi kila ncha, kwa maana senta bolti si lazima iwe katikati kweli, na ukichukua isiyolingana ekseli haitakaa mahali pake. Dukani uliza kama springi hizo zina upande. Na umkumbushe muuzaji kwamba gari ni 60, lile lililoanza kutengenezwa 1980, lenye springi za pleti mbele na nyuma. Ukisema Land Cruiser ya zamani tu, kuna kijana atakuletea koili za 80 iliyotoka 1990 na kukuapia zinaingia.

Zilizotumika kutoka Japani si mbaya zote, lakini ogopa iliyopakwa rangi nyeusi mpya. Rangi hufunika nyufa. Igeuze, pitisha ukucha kwenye kingo za kila pleti karibu na tundu la senta bolti, maana nyingi huanza kupasuka hapo. Igonge kwa spana. Nzima hulia, iliyopasuka hukohoa. Ukiona pleti moja ina kutu ya rangi tofauti na wenzake, hiyo imekusanywa kutoka kwa magari mawili. Nikiwa na shaka mimi ningenunua mpya. Na usisahau bushi mpya, pini, na yubolti mpya zote nne. Yubolti ikishavutwa mara moja imenyooka nyuzi zake. Watu huzirudisha ili kuokoa pesa ya chakula cha mchana.

Kuhusu kuzifunga, najua mikono yako ni mizuri, lakini usifanye mbio. Nati zinyweshe dizeli usiku kucha, zikikataa, grinda. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Chasisi iwekwe juu ya stendi za chuma, mbele kidogo ya pale springi inaposhikwa, na ekseli ipumzishwe kwa jeki ya magurudumu chini ya difu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata awe ni fundi mwenye majina. Fanya upande mmoja umalize ndipo uende mwingine, ili ekseli isipotee njia. Gari lako springi ziko chini ya ekseli, kwa hiyo unapoinua uangalie mpira wa breki usivutwe. Mtu akiiacha ekseli ining'inie kwenye mpira huo, hutajua mpaka siku utakapokanyaga breki.

Kichwa cha senta bolti lazima kizame kwenye tundu lake. Kikikaa nje, ekseli itakaa mshazari na gari litatembea kama kaa. Pini za bushi usizikaze wakati magurudumu yananing'inia. Shusha gari likae kwa uzito wake kwanza, ndipo ukaze, la sivyo mpira wa bushi utakaa umesokotwa na utachanika mapema. Yubolti zikazwe kwa zamu, mshazari, kidogo kidogo. Baada ya kwenda na kurudi Kangundo mara moja, zikaze tena. Hapo ndipo wengi hulala. Kama ile valvu ya breki iliyofungwa na kijiti kwenye ekseli ya nyuma bado ipo, mwambie fundi wa breki airekebishe, kwa sababu inapima breki ya nyuma kwa jinsi gari lilivyokaa, na gari litakuwa limeinuka.

Halafu kuna jambo ambalo springi mpya hazitakusaidia. Ni nani anayepakia trela lako? Nimeliangalia. Mabomba ya hema yote yamelundikwa mbele, na maturubai juu yake, na maturubai hayo yalikuwa yamelowa mvua. Viti, ambavyo ni vyepesi, viko nyuma. Vijana wanapakia kilicho karibu na mlango, kwa kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wote huo unaning'inia nyuma ya ekseli yako, unakandamiza nyuma na kuinua mbele. Kwa trela la tani moja, kile kichwa kinachokaa kwenye ndoana kisizidi sana kilo mia moja, kama sehemu moja kwa kumi. Kikiwa chepesi mno nalo trela litacheza, kwa hiyo usiende kuhamishia kila kitu nyuma ukadhani umenitii. Mabomba yakae juu ya magurudumu ya trela, maturubai yaanikwe yakauke kabla ya kupakiwa, viti vijaze nafasi. Kisha nenda kwa yule mama wa nafaka karibu na kwenu, mwenye mizani ya magunia, weka kichwa cha trela juu ya kipande cha mbao kwenye mizani, trela likiwa limekaa sawasawa kama linavyokaa ukivuta. Utajua ukweli kwa bei ya soda.

Babako alilinunua gari hilo kabla namba za KAA hazijaanza. Alilivutia mashine ya kusaga, simenti za kujengea nyumba ya susu, na jeneza la babu yetu. Alikuwa mtu wa kubana pesa kuliko wewe, lakini springi alibadilisha zikiwa bado zina tabasamu. Hakungoja zilale.

Kwa hiyo Jumamosi huendi na hilo gari. Wafiwa usiwaangushe, wameshapoteza mtu, wasipoteze na kivuli. Kodisha Canter, mahema yaende na viti viende. Faida yote italiwa na Canter na wewe utarudi mikono mitupu. Na iliwe. Mpigie simu mwenye Canter leo, kwa sababu mwisho wa mwezi hazipatikani. Pesa za springi zikipungua, njoo kwangu. Zamu yangu ya chama imefika na sijazigusa. Hutanilipa kwa pesa. Utaniletea mahema mawili na viti siku ya kumtoa mtoto wa binamu yako, na ukisema siku hiyo umeshachukuliwa nitakuja kwenu mimi mwenyewe.

Pleti za zamani usimwachie fundi, wala usimuuzie wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Zipakie uzipeleke Kamukunji, kwa mafundi wale wa jua kali. Hao ndio Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 akawaahidi vibanda vya kuwafunika na jua. Chuma cha springi wanakipenda kuliko chochote kwa patasi, shoka na panga, kinashika makali. Waambie wakutolee panga mbili, moja ya mama yako na moja yangu, na yangu isiwe nzito. Zilizobaki patana nao bei kabla hawajaziwasha moto.

Ni mimi shangazi yako,
Mama Grogan