Mkono wa mzee na msumari wa inchi sita

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kunizushia kwamba nimedisko. Sijadisko (bado!). Nilikuwa likizo nyumbani Mazinde, na kule bando langu lilikuwa linaishia kwenye kutafuta mambo ya vyuma. Nimerudi chuo Jumapili usiku. Leo ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika, ingawa vidole bado vina sugu na kubonyeza herufi ni kazi.

Kwa wasiokujua kwetu: ukitoka Dar unapita Chalinze, Segera, Korogwe, kisha Mombo pale wanapokata kona watu wa Lushoto. Wewe unanyoosha na barabara ya Moshi, mbele kidogo tu ndiyo Mazinde. Upande mmoja milima ya Usambara imesimama kama ukuta, upande mwingine tambarare, mkonge na reli. Juu milimani watu wanavaa masweta, sisi huku chini tunaungua na jua.

Sasa mnaonijua mnajua pia habari zangu za jimu. Ile ya kwetu nyuma ya hosteli, vyuma vyenyewe ni bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mwaka mzima nimekomaa na kifua na mkono wa juu, maana ndivyo vinavyoonekana ukivaa fulana. Nilishafika mahali nikipita kantini nabana pumzi makusudi. Basi nikaenda nyumbani najiona chuma kweli kweli. Nikaenda pia na siri yangu moja: nimeshika sapu. Tena sapu ya Tabia za Maada, na swali lililoniangusha lilikuwa la kupinda kwa fito za chuma. Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho.

Mzee wangu ni fundi nondo. Ameanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Korogwe, Mombo, Same, nyumba nyingi tu zina nondo alizofunga yeye. Ada yangu ile sehemu ambayo mkopo haukufika imetoka kwenye nondo hizo. Na tangu tukiwa wadogo alikuwa na mchezo wake: anachukua msumari wa inchi sita, anaufunga matambara kwenye ncha mbili, anaukunja kwa mikono mitupu mpaka unakuwa kama herufi U, halafu anatupa tugombanie. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kuona.

Siku niliyofika, baada ya shikamoo na chakula, nikamwambia mzee leo zamu yangu. Akacheka, akanitolea msumari. Nikaukamata. Nikabana meno, mishipa ikatoka shingoni, mdogo wangu wa kike akaanza kuhesabu kwa sauti. Wadau, msumari haukutikisika! Kilichotikisika ni kiganja changu, ncha ilinichoma mpaka nikauachia. Kifua chote kile, mkono wote ule, bure. Nikamwambia, "Haya baba, nionyeshe." Akauchukua, akaugeuzageuza, akautia mfukoni. "Leo nimechoka mwanangu," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo mbele ya msumari.

Siku tatu baadaye ndiyo nikajua. Jioni alikuja na mzigo wa nondo laini za milimita 6 kwenye baiskeli, akaniita uani, akafunga mlango. Alikuwa amepata kazi ya linta ya nyumba moja kubwa upande wa Mombo. Linta ile inataka ringi 200. Kila ringi ina mikunjo mitano: kona tatu, na ndoano mbili za kufungia. Piga hesabu mwenyewe, ni mikunjo 1,000. Akaniambia mkono wa kulia usiku unakufa ganzi, dole gumba na vidole viwili vya pembeni yake. Asubuhi hata kikombe kinamponyoka. Kufunga waya bado anaweza, lakini kukunja hawezi tena. Na mwenye kazi akijua, keshokutwa analetwa fundi kijana. "Nisaidie hizi, lakini usiku," akasema. "Watu wasijue."

Dah. Mimi niliyekuwa nimekuja kuonyesha mkono, ndiyo nimeombwa mkono.

Usiku ule nilikunja ringi 14 tu kwenye kile kibao chake chenye misumari, nikawa siwezi kufunga ngumi. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo ananiangalia. Akasema kitu ambacho jimu nzima hakuna aliyewahi kuniambia: chuma hakipindwi na mkono wa juu. Nguvu yote unayoitoa kifuani na mabegani inapita kwenye kifundo na vidole, na kama hapo pamelegea, inaishia hapo hapo. Ni kama mnyororo na pingili yake iliyo nyembamba.

Nikaanza kutafuta. Kumbe wako watu duniani waliofanya kazi hii ya kupinda chuma kuwa maisha yao. Alexander Zass, aliyeitwa Samson, alikuwa mfungwa wa vita Austria kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na alijijenga kwa kuvuta minyororo na nondo za gereza ambazo hazisogei. Joe Greenstein, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, alikuwa mfupi kuliko wengi wenu mnaosoma hapa, lakini alikuwa anapinda misumari na nondo mbele ya watu. Hawa hawakuwa wamejaa kama mabaunsa. Walikuwa na mikono.

Basi nikajitengenezea jimu ya uani, bila kununua kitu. Nawaandikia maana najua mtaniuliza:

1. Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Unashika mpini kwa mkono mmoja, mkono umenyooka pembeni ya mwili, unainua kichwa cha nyundo kwa kifundo tu, mbele na nyuma. Kadiri unavyoshika mbali na kichwa ndivyo inavyouma. Nilianza katikati ya mpini, mwezi wa pili nikafika karibu na mwisho.

2. Kamba ya katani (kwetu hiyo haikosekani) imefungwa kwenye kipande cha mti, chini yake tofali. Unazungusha mti kwa viganja mpaka tofali lipande juu, kisha unalishusha taratibu. Kushusha ndiko kunakojenga, usiliachie.

3. Madumu mawili ya lita 20 kutoka bombani mpaka nyumbani bila kutua. Hayo ni kilo 40 na zaidi, na mama anapata maji. Kila mtu anafurahi.

4. Kubana tofali kwa ncha za vidole, dole gumba upande huu, vinne upande ule, unahesabu mpaka 30.

5. Kunyanyua chuma kutoka chini, lakini bomba umelizungushia matambara liwe nene. Uzito uliokuwa unauchezea unageuka adui, maana vidole havikutani.

6. Mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye vidole, unavifungua kama unachanua ua. Usiruke hili. Ukifundisha mkono kufunga tu bila kufungua, kiwiko kitakuja kukudai.

7. Kuvuta mnyororo kifuani kama Zass. Hausogei, wewe vuta tu sekunde sita hivi, pumzika, rudia.

Kupinda chuma chenyewe ni mara mbili tu kwa wiki. Misuli inapona haraka, lakini kano zinachelewa sana, na mwenye haraka ndiye anayeumia. Nilianza na msumari wa inchi nne, nikaenda wa tano. Usidhani mfupi siku zote ni rahisi: kwa unene ule ule, mfupi ni mgumu zaidi kwa sababu mikono haina pa kupatia nguvu. Inchi nne unalainika kwa vile ni mwembamba.

Na hapo ndipo lile swali la sapu lilipokuja kunikuta uani. Nilikuwa nimeikariri ile fomula kama kasuku na nikaisahau kama kasuku. Ugumu wa kupinda chuma cha mviringo, kwa chuma cha aina moja, unakwenda na kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Sita mara sita mara sita ni 216. Nane hivyo hivyo ni 512. Kumi na mbili ni 1,728. Yaani kutoka nondo ya 6 kwenda ya 8 unaona milimita mbili tu, lakini mkono unaona mzigo zaidi ya mara mbili. Ya 12 ni mara nane ya ile ya 6! Nikamweleza mzee huku nachora kwenye vumbi. Akatazama, akasema, "Kumbe wameandika." Yeye anajua kwa mkono miaka yote hiyo, kwamba ya 12 haichezewi bila bomba refu la kuongezea mkono.

Ringi 200 zilikwisha usiku wa kumi na moja. Mzee alizipeleka saiti alfajiri, hakuna aliyeuliza.

Kuhusu mkono wake, nilimpigia rafiki yangu anayesoma udaktari. Akaniuliza vidole gani, nikamtajia. Akasema inaelekea kuna mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo, ni kawaida kwa watu wa kazi za kukamata kwa nguvu na kurudia rudia, ila mpaka apimwe ndiyo ijulikane. Akasema asiache mpaka msuli wa dole gumba usinyae, na kwamba mapema wanaweza kumfungia kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala. Mzee kusikia hospitali akanyamaza. Kwake hospitali ni siku bila kazi.

Wiki ya nane, Ijumaa jioni, nikauomba ule msumari wa inchi sita. Alikuwa nao mfukoni. Nikaufunga matambara, ngumi mbili zikitazama chini, viwiko vimebana mbavuni, msumari karibu na kidevu. Nikasukuma kwa mwili mzima. Kwanza hakuna kitu. Halafu nikasikia joto katikati ya msumari, ukaanza kulegea. Ukifika hapo usipumzike. Nikausogeza kifuani, nikafumbata vidole, nikaubana viganja vikakutana. U!

Mdogo wangu alipiga kelele mpaka jirani wakaja. Mzee aliuchukua, akaupima kwa jicho. Akajaribu kuunyoosha kidogo kwa ule mkono wa kulia, nikaona vidole vinateleza. Akaona kwamba nimeona.

Walipoondoka watu ndiyo nikamwambia. "Baba, nimeshika sapu." Nilitegemea makubwa. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza ni somo gani. Nikamwambia ni lile la kupinda vyuma. Wadau, mzee alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, halafu hakuna aliyekuwa anacheka tena. Akasema, "Ulikaa na hilo miezi miwili?" Nikamjibu, "Na wewe ulikaa na mkono muda gani?" Kwetu mtu hamjibu baba yake hivyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwaka."

Tukakubaliana. Mimi nirudi mapema nikasome, yeye aende hospitali Korogwe akapimwe. Jumatano alinipigia: ameenda, amefungiwa kile kifaa, ameambiwa arudi baada ya wiki sita. Mwenye kazi bado hajaambiwa. Hilo limenikaa kooni, sijui kama nimsukume au nimwache, maana ni kazi yake na ni jina lake, na mimi ndiye ninayekula jasho hilo.

Sapu ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Fomula naijua sasa, hata nikiamshwa usiku. Jimu ya hosteli nimepita jana, washkaji wakaniuliza mbona kifua kimepungua. Nikawapa msumari wa inchi tano nikawaambia haya, kunjeni. Bado wanahangaika nao.

Niombeeni. Nikitoka kwenye chumba cha mtihani nitawaambia ilikuwaje.