Majina Tuliyoyatafuta Nairobi



Sisi wa Mombasa tuna sanamu zetu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue, na huzipita kila uchao tukielekea sokoni bila ya kuzitupia jicho. Ilitubidi tusafiri hadi Nairobi, akina mama sita na watoto tisa, ndipo tukasimama mbele ya ndugu zake na kuzitazama sawasawa.

Ukumbusho wa Nairobi uko katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, nao ulizinduliwa mwaka 1928. Ni watu watatu wa shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Miongoni mwao yumo askari na yumo mpagazi. Maandishi yako kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Watoto wetu, ambao madrasa imewafungua macho kwa Kiarabu, walishindana kuyasoma herufi kwa herufi. Maneno hayo, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake jina lake litakumbukwa na wanawe. Binti mmoja wa miaka kumi akalizunguka jiwe mara mbili akiyatafuta majina yenyewe. Halipo hata moja.

Hapo mwenzetu mmoja akanyamaza kwa muda, kisha akatueleza kuwa babu ya mama yake alichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, asirudi. Nyumbani kwao hutajwa katika khitma, lakini kaburi lake halijulikani. Wapagazi walikokotwa kutoka pwani na bara, wakabeba unga na risasi za jeshi la Kiingereza hadi ndani ya Tanganyika, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa si chini ya 95,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka katika vinywa vya watu likawa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Kila aliyenunua kikapu katika soko la Kariokor amewataja marehemu hao pasipo kujua.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Tulipiga picha, tukaenda kuswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, tukapumzisha miguu ya watoto.

Alasiri tuliingia bustani ya Uhuru, kwenye kona iitwayo Freedom Corner. Pana ukumbusho wa mwaka 2015 wa walioteswa na serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau, uliogharimiwa na Uingereza baada ya kukubali, mwaka 2013, kuwalipa fidia wahanga 5,228. Twakiri kuwa huu ndio uliotushika zaidi. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ameugeuza uso wake asimwone mwenziwe, ili akikamatwa na kuteswa asiwe na wa kumtaja. Tuliwaambia watoto wawili waigize: mmoja apokee kikapu bila ya kutazama. Walianza kwa kicheko. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, na sisi mama zao tulikuwa tumekwisha kuishiwa na maneno. Mpelekeni mtoto afanye hivyo. Ni bora kuliko kusomewa kibao.

Siku ya pili tulielekea magharibi kwa matatu, kwa Ngong Road, hadi makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamepangwa safu kwa safu, na kila jiwe lina jina lake, isipokuwa machache mno. Ndani yake pana Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya wapiganaji wa Vita vya Pili wasio na kaburi. Humo wamo wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail. Meli hiyo iling'oa nanga Kilindini, bandari yetu wenyewe, Februari 1944, ikielekea Ceylon. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kabla ya dakika tatu kupita. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wanawake 77, wengi wao wauguzi.

Yule binti akauliza: mbona hawa wana majina na wale wa mjini hawana? Tulimjibu kwa ukweli. Baada ya vita vya kwanza, wakubwa waliona mpagazi Mwafrika hahitaji kuandikwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi, na sasa inayatafuta majina hayo.

Mwenzetu aliketi chini ya mti, akaomba daftari la binti, akaliandika jina la babu yake na la baba yake babu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Ijumaa ijayo, baada ya alasiri, tutakutana penye sanamu zetu za Mombasa. Mwenye jina nyumbani kwao na aje nalo.