Saumu Isiyo na Magharibi

Lugha ya Kiswahili, iliyo tajiri wa majina ya pepo, ya vyombo vya baharini na ya mapishi ya wali, haina jina moja lililokubalika kwa kundi lile lililojificha katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Wako walioliita dhehebu, wako walioliita kanisa, na wako walioliita imani potofu. Kila jina lina kasoro yake. Madhehebu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kwenda. Ni njia apitayo mtu, na njia ipitikayo kwa kwenda hupitika pia kwa kurudi. Kanisa ni nyumba ya mamilioni ya watu wasiomdhuru mtu. Ama imani potofu ni tamko ambalo kila mwenye dini aweza kumtupia jirani yake asiyesali kama yeye. Jina likikosekana, hapana budi kutafuta kipimo.

Yaliyotokea huko yanajulikana. Paul Nthenge Mackenzie, mhubiri wa Malindi, alilifunga kanisa lake mwaka 2019, na wafuasi wake wakamfuata msituni, katika makazi yaliyopewa majina ya Biblia. Walifundishwa kuiacha shule, hospitali na vitambulisho vya serikali. Kisha, kwa maelezo ya walionusurika, wakafundishwa kufunga kula na kunywa hadi kufa, ili wakutane na Yesu. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, katika siku zile zile za Idi el-Fitri. Miili zaidi ya 400 ilitolewa. Wengi walikufa kwa njaa. Wengine, wakiwamo watoto, walionekana kuwa walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mwaka 2024 mhubiri huyo alishtakiwa, pamoja na wenziwe, kwa mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka.

Mtu wa kwanza kuulizwa tofauti ya dini na kundi la namna hii aghalabu hujibu kwa upya: dini ni ya kale, kundi ni la jana. Jibu hili halisimami. Katika mji wa Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, alikuja Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, akawafundisha elimu ya dini watu wanyonge, wageni na watoto wa watumwa, na akaingiza matari katika maulidi. Wenye mji walichukia. Kwao yale yalikuwa mageni na yenye kuvunja heshima ya msikiti. Lakini aliyeingia darasani mwake aliweza kutoka. Wanafunzi wake walitoka kwelikweli, wakaenea pwani nzima wakifundisha. Leo Msikiti wa Riyadha ni fahari ya Lamu, na wako hadi sasa wasiokubaliana na maulidi yake, wakasema na kuandika, na hapana aliyewafukuza mjini. Upya, basi, si kipimo.

Wala ajabu ya itikadi si kipimo. Huko Marekani, wafuasi wa William Miller walingojea kurudi kwa Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Usiku ukapita, jua likachomoza kama kawaida yake. Walilia, wengi wakarudi makwao na kwenye makanisa yao ya zamani, na wengine wakavifungua upya vitabu na kujadiliana wapi walikosea. Miongoni mwa waliobaki wakijadiliana ndimo lilimozaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, ambalo shule na hospitali zake zinajulikana Afrika Mashariki yote. Utabiri ulikwenda kombo, na watu wakabaki hai kuusema ukombo wake.

Kipimo kilicho karibu zaidi na watu wa visiwani kimo katika saumu yenyewe, kwani Shakahola ilijivika vazi la saumu. Mwislamu hufunga tangu alfajiri hadi magharibi. Jua likizama, saumu imekwisha, na kuharakisha kufuturu ni sunna. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakataza umati wake kuunganisha saumu usiku na mchana. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa. Mjamzito na mwenye kunyonyesha wana ruhusa. Mtoto asiyebaleghe halazimiki. Mwezi una siku 29 au 30, wala hauna siku ya 31. Na siku ya Idi, dini ile ile iliyoamrisha kufunga huharimisha kufunga. Wakristo nao wana Kwaresima, na Kwaresima ina Pasaka yake. Njaa katika dini ina ukuta unaoizunguka, na ukuta huo haukujengwa na sheikh wala na padri anayewaongoza watu leo. Yeye aliukuta, naye yumo ndani yake pamoja nao. Hawezi kusema kwamba leo jua halitazama.

Hapo ndipo penye tofauti. Katika dini, magharibi inajulikana na kila mtu. Hata mtoto aliyekaa barazani aweza kuliona jua likizama na kuwatangazia wakubwa zake. Katika kundi la Shakahola, magharibi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye hakuileta. Walioanza na saumu ya watoto waliligeuza hata lile ambalo dini imeliwekea ruhusa ya kwanza. Na wengine, walipookolewa na kupewa chakula, walikataa kula: mwili umetolewa msituni, na amri imebaki ndani yake.

Tofauti hiyo yaonekana pia katika kauli. Msikitini imamu husimama mbele, na wote humfuata katika kurukuu na kusujudu. Lakini akisahau rakaa, maamuma aliye nyuma yake, awe mvuvi au mchukuzi, husema "Subhana Llah", na mwanamke hupiga kofi. Akikosea aya, ajuaye humkumbusha. Imamu hurekebisha, na sala huendelea. Hapana aliyevunja adabu. Kanuni hii ya kufuata pamoja na kusahihisha imo ndani ya ibada yenyewe, si nje yake. Vivyo hivyo Abu Bakr, aliposhika ukhalifa, aliwaambia watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akienda kombo.

Kinyume chake kilionekana Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu, liliwazuia wafuasi kuzungumza, wakawa wanafahamishana kwa ishara, eti ulimi usije ukaivunja amri. Mwisho wa dunia ulitazamiwa mwishoni mwa 1999. Mwaka 2000 ulipoingia na dunia ipo, haukuwapo mjadala kama ule wa watu wa Miller, kwani ndimi zilikwisha kufungwa kitambo. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea katika nyumba yao ya sala, na baadaye miili mingine mingi ikafukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo.

Yuko atakayepinga kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, chombo hakiendi bila ya amri moja. Lakini nahodha hakuziumba nyota anazozifuata. Mabaharia wake wazijua pia, wakaijua Kaskazi na Kusi, na akielekeza omo kwenye mwamba watapiga ukelele. Nahodha anayestahili kutiiwa ni yule ambaye njia yake yaweza kutazamwa na wengine.

Pingamizi iliyo nzito zaidi yatoka ndani ya tarika, ambazo mizizi yake visiwani ni mirefu. Humo husemwa kwamba muridi kwa sheikhe wake awe kama maiti mikononi mwa mwosha. Je, kauli hii si mlango wa Shakahola? Yaweza kuwa, na si uungwana kuificha. Lakini muridi huyo huenda msikitini mara tano akasali na wasiokuwa wa tarika yake. Hulala nyumbani kwake, watoto wake wako chuoni na skuli, na sheikhe mwenyewe amefungwa na sheria ile ile, na nyuma yake mna silsila ya masheikh aliowatii yeye. Mwosha naye ana kanuni: huosha kwa heshima, na hana ruhusa ya kumfanya mtu maiti. Siku sheikh atakapomwambia muridi amwache mgonjwa wake bila ya dawa, au asiseme na mamaye, ndipo muridi ajue kwamba ile haikuwa tena tarika, japo dhikri ni ile ile na kanzu ni zile zile.

Kwa sababu hiyo kipimo hiki hakigawi walimwengu mafungu mawili, dini zetu huku na makundi yao kule. Kinapita kati ya kila msikiti na kila kanisa. Waliokwenda Shakahola hawakuwa wendawazimu. Walikuwamo wasomi na wenye kazi zao, waliotafuta faraja kama wengine wanavyoitafuta. Kila mmoja wao alikuwa na jirani aliyemwona akimtoa mtoto shuleni, akiuza vyombo vyake, akipunguza salamu. Baadhi ya jamaa walipiga kelele na hawakusikizwa kwa wakati. Wengine walinyamaza, wakidhani kuwa mambo ya imani ya mtu hayaulizwi.

Yaulizwa. Mwenye kujitenga na watu wake kwa jina la Mungu ana haki ya kuulizwa na wampendao maswali matatu: Nani huko aweza kumwambia kiongozi wenu kuwa amekosea? Mtu akitaka kurudi kwao, atarudi na wanawe? Na saumu yenu hufunguliwa saa ngapi?