Sauti ya Kipasuasanda

Watu wa pwani wamempa ndege mmoja wa jamii ya bundi jina zito: kipasuasanda. Hana mlio mtamu wa kuitana. Sauti yake ni mkwaruzo mrefu, mkavu, mfano wa bafta inayochanwa kwa mikono miwili. Na bafta ndiyo tunayowavisha maiti wetu. Ndege huyu hupenda mianya ya kuta na mapaa yasiyokaliwa, navyo katika majumba ya mawe ya Bagamoyo si haba.

Mama yangu mdogo alipougua homa, usiku wa tatu kipasuasanda alilia juu ya paa letu. Kulipokucha hakuna aliyeuliza kama mgonjwa amekunywa dawa. Watu walinong'ona uani, jirani akaanza kutaja ndugu wa kupelekewa habari, na safari ya hospitali ikaahirishwa, ati tungoje tuone. Bibi ndiye aliyekata shauri: "Huyo amefuata panya wa darini. Mpelekeni mwanangu kwa tabibu." Akapelekwa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona. Bibi mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, katika usiku ambao hakuna ndege aliyelia.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameikanusha tiyara, yaani kuamini mikosi, na pamoja nayo akaikanusha hama, neno ambalo baadhi ya wanazuoni wamelifasiri kuwa ni bundi. Tiyara asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ndege. Nasi kwa Kiswahili husema "ndege mbaya" tukikusudia mkosi. Lugha mbili, maradhi mamoja.

Ajali iko mikononi mwa Mola, wala kiumbe hakupewa kuitangaza. Bundi ameruzukiwa mbawa zisizovuma na masikio yanayomsikia panya gizani; kumpiga mawe ni kuwalinda wanaotula nafaka. Lakini dhara kubwa zaidi humfika mgonjwa, pale jamaa zake wanapoanza kumlilia angali akipumua.

Basi, ndugu msomaji, sauti hiyo ikikuamsha usiku, inuka umtazame mgonjwa wako. Mpe maji, mguse paji la uso, na homa ikiwa imepanda usingoje alfajiri.