Nilimuua Baba Yake Abby, Halafu Nikataka Kisasi

Mwezi wa nne mwaka 2025, msimu wa pili wa tamthilia ya The Last of Us ulipofika sehemu ya pili, simu yangu haikupumzika. Watu wanalia mitandaoni, Joel kauawa. Mshikaji mmoja wa kazini akanipigia kabisa, sauti imemkauka: "Oya, kumbe wewe ulikuwa unajua hii kitu miaka yote na umenyamaza?"

Nilijua tangu 2020. Na mimi sikuletewa nikiwa nimekaa kwenye kochi naangalia tivii, mimi nilikuwa nimeshika pedi. Ni vitu viwili tofauti kabisa wadau, na ndiyo maana leo nimeamua kuandika. Kama hujalicheza gemu la pili na unapanga kulicheza, ishia hapa, maana namwaga kila kitu.

Tuanze nyuma kidogo. Gemu la kwanza lilitoka Juni 2013 kwenye PS3. Sisi lilitufikia mwaka uliofuata. Braza alikuwa ameanza kazi, mshahara wake wa tatu akaenda Kariakoo akarudi na PS3 iliyotumika, pedi mbili, moja kitufe kimelegea. Tulikuwa tunalala chumba kimoja pale Tandika. Bi mkubwa anagonga mlango saa saba usiku, "Nyie watoto mnanimalizia luku!" Tunazima sauti, tunaendelea.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: nikicheza mimi natembea, nafungua droo, naokota mikasi na vitambaa, naangalia mandhari. Akisikika Clicker, nampa braza pedi. Kwa asiyejua, Clicker ni mtu aliyeshambuliwa na kuvu, akaoza nayo miaka mpaka uso umepasuka kama uyoga. Haoni. Anakutafuta kwa kutoa ule mlio wa kooni, kama mtu anatafuna punje za mahindi makavu. Akikushika umekwisha, hakuna mjadala. Mimi nikisikia tu ule mlio, mkono wenyewe unapeleka pedi upande wa pili. "Braza, shika wewe." Anashika, ananicheka, anamaliza kazi, ananirudishia.

Basi tukafika mwisho. Joel amevuka Marekani nzima na yule binti, Ellie, ambaye kuvu haimdhuru. Madaktari wanataka kumpasua kichwa watengeneze chanjo, na akipasuliwa hafufuki. Joel anavamia hospitali. Braza kapigana korido zote, jasho linamtoka, tunaingia chumba cha upasuaji, daktari kasimama mbele ya kitanda, kashika kisu kidogo cha upasuaji. Braza akanipa pedi mwenyewe. "Huyu hana kitu dogo, mmalize wewe."

Nikabonyeza. Daktari akaanguka. Tukagongeana mikono.

Sikuwahi kumfikiria tena yule daktari. Hata jina sikujua kama analo.

Mzee wetu alifariki 2018. Aliugua muda mrefu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, mara ya mwisho hakutoka. Alikuwa na pikapu, kuukuu lakini inatembea, ndiyo iliyotusomesha. Siku ya arobaini natoka nje naona pale inapolazwa pako wazi. Nauliza, watu wanaangalia chini. Kumbe braza kaiuza, hajamwambia mtu. Nilisema maneno siku ile mbele za wajomba na mashangazi ambayo sitayaandika hapa. Yeye hakujibu hata moja. Akachukua kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo hatukuongea. Alihamia Kigamboni na mkewe, mimi nikapanga gheto Sinza. Nikawa namhesabu ni mwizi, kesi nimeshaifunga kichwani.

Na PS3 alikuwa nayo yeye. Hilo nalo liliniuma, sitakataa.

Mimi nikadunduliza mpaka nikapata PS4. Mwezi wa nne 2020 vipande vya The Last of Us Part II vikavuja mtandaoni kabla halijatoka. Aisee, nilijitoa kwenye magrupu yote ya magemu, nikaacha kusoma chochote, nikawa kama mtu amefiwa. Gemu likatoka tarehe 19 Juni. Siku tatu tu za mwanzo likauza nakala zaidi ya milioni nne duniani. Langu lilinifikia wiki kadhaa baadaye, diski mbili ndani ya kasha moja. Nikafunga dirisha, nikavaa hedifoni, nikaenda.

Hayajaisha hata masaa mawili, Joel kafa.

Ngoja niseme vizuri jinsi walivyonifanyia. Wanaanza kwa kunipa mwanamke nisiyemjua, Abby, mwili wa mazoezi, anakimbia kwenye theluji, wagonjwa mia nyuma yake wanamkwaruza kwenye uzio. Mimi ndiye ninayemkimbiza, moyo unanidunda asife. Joel na mdogo wake Tommy wanatokea, wanamwokoa. Nikashusha pumzi. Dakika chache mbele huyohuyo niliyemhangaikia anamuua Joel kwa fimbo ya gofu, huku Ellie amebanwa sakafuni anaangalia. Yaani mimi nimempeleka muuaji kwa mikono yangu miwili.

Nilivua hedifoni nikatoka nje. Mpangaji mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba.

Kuanzia hapo nilikuwa na Ellie kichwani, kifuani, kila mahali. Tulienda Seattle kuwatafuta wote. Na niseme ukweli, kwa upande wa kutisha lile gemu ni hatari. Kuna jengo la ofisi lina wale Stalker. Clicker afadhali, unamsikia. Stalker hasemi kitu, anakuchungulia pembeni ya nguzo, ukimulika tochi kashajificha, na ujue wako wanne. Kuna watu wa porini wenye makovu mashavuni, wanaitana kwa mluzi. Bibi yetu alikuwa anatukataza kupiga mluzi usiku, eti unaita nyoka. Nilikuwa nimelala kwenye majani marefu ndani ya tivii, naskia mluzi kushoto, mluzi mwingine unajibu nyuma yangu, nikasema bibi alijua.

Na hakuna tena wa kumpa pedi. Nilikuwa nageuza macho pale kitandani upande wa kulia, mkono ushaanza kwenda, halafu nakumbuka niko peke yangu.

Kitu kingine cha ajabu, maadui wana majina. Ukimuua mmoja, mwenzake anapiga kelele kumwita jina. Mbwa pia. Mwanzoni nilichukia, nikaona wananiharibia starehe. Nilimuua mbwa anaitwa Alice bila kufikiri mara mbili, alikuwa ananirukia.

Siku tatu za Seattle zikaisha, Abby kampata Ellie kwenye jumba la maonyesho, kamnyooshea bastola. Nikakaa sawa. Sasa ndiyo sasa. Skrini ikawa nyeusi.

Ikarudi, niko msituni, mimi ni Abby, niko na baba yangu. Tunamtafuta pundamilia aliyenasa kwenye waya. Mzee mpole, anapenda wanyama, ana mzaha. Halafu anaingia hospitali. Anavaa nguo za kazi. Nikaanza kulitambua lile korido.

Wadau, ni yule daktari. "Huyu hana kitu dogo, mmalize wewe." Miaka sita yote nilikuwa nasema Joel alimuua. Joel gani? Kitufe nilibonyeza mimi, nikagongeana mkono na braza.

Niliweka pedi chini, sikuigusa siku nane. Si kwamba nilielewa kitu kikubwa, hapana, nilikuwa na hasira. Niliona nimetegeshewa. Silaha zote nilizoziboresha kwa Ellie zimepotea, naanza sifuri na mtu ninayemchukia, na siyo kwa dakika kumi, ni kama nusu ya gemu! Kwa kweli hata leo naona ile sehemu ya Abby wangeipunguza, kuna mahali inavuta sana. Dunia nzima ilichukia. Laura Bailey, aliyeigiza kama Abby, alitumiwa vitisho vya kuuawa, mtu kafanya kazi yake tu. Mimi sikumtukana mtu, ila nisijifanye malaika, ile hasira niliijua ladha yake.

Siku ya tisa nikarudi. Abby anaishi na watu, wanataniana, wanakula. Alice yupo, mzima, anatikisa mkia. Yule ambaye nilishamuua. Nikamwangalia mbwa wa kwenye gemu mpaka nikaona aibu.

Halafu likafika pambano. Jumba lilelile la maonyesho, mimi ni Abby, anayeniwinda ni Ellie. Ellie wangu. Kanitegea mabomu, ananinyatia na bunduki. Nikamwacha aniue. Makusudi kabisa, nikasimama. Gemu likaanza upya. Nikamwacha tena. Likaanza tena. Mara ya nne nikaelewa kwamba halitaniruhusu kuchagua upande, nikapigana huku najisikia vibaya.

Mwisho kabisa ni Santa Barbara, wawili hao wamekonda, wako ndani ya maji mpaka magotini, na lile gemu linakudai ubonyeze mraba ili Ellie amzamishe Abby. Siku naanza nilikuwa nalipia kufika hapo. Sasa nabonyeza polepole kama mtu anaombwa hela. Ellie akamwachia. Anarudi nyumbani hana vidole viwili vya mkono wa kushoto, anachukua gitaa alilofundishwa na Joel, nyuzi hazishikiki.

Ilikuwa saa kumi alfajiri. Adhana ya kwanza ikasikika. Nikachukua simu, nikatafuta namba ambayo sikuwahi kuifuta, nikaandika: "Shikamoo braza. Ya pili umecheza?"

Asubuhi likaja jibu. "Marhaba dogo. Niko hospitali."

Mapigo yangu yakasimama. Mambo ya mzee yote yakarudi, vitanda, harufu, nesi anaita jina. Nilikuwa natafuta viatu ujumbe wa pili ukaingia. "Kule chini kwenye lile dude. Wiki ya pili sasa silipiti. Nani atanishikia pedi."

Waliofika pale wanajua. Abby anashuka chini kabisa ya hospitali ya Seattle kutafuta dawa, na huko wagonjwa wa mwanzo waliachwa zaidi ya miaka 20, kuvu imewashona wote kuwa dude moja, vichwa kila upande, linabomoa ukuta likikufuata. Wenyewe wanaliita Rat King. Mimi lenyewe liliniua mara kumi na tisa. Nilihesabu.

Jumamosi nikapanda kivuko. Shemeji akanifungulia mlango, "Karibu, mwenzio kakuamshia toka alfajiri," kama vile niliondoka juzi. Braza kanenepa, ndevu zina mvi mbili tatu. Hatukukumbatiana wala nini. Akavuta kiti cha pili cha plastiki akakiweka upande wake wa kushoto, palepale nilipokuwa nakaa zamani, akanipa pedi.

"Shika wewe."

Tumekufa pale mara sita, tunabishana kama zamani, umeme ukakatika. Giza. Shemeji akaleta tochi ya simu, akaiweka mezani, akaenda zake jikoni. Tukakaa. Mimi nilikuja na maswali yangu nimeyapanga tangu kwenye kivuko, yote yakayeyuka.

Alianza yeye. Akasema pikapu ilikwenda kwenye deni la matibabu, wasingetoa mwili bila malipo, na mzee mwenyewe alimwambia akiwa kitandani asimwambie mama. Aliiuza kwa bei ya kutupa, usiku mmoja, kwa mtu wa kwanza aliyeleta pesa taslimu.

"Sasa siku ile ya arobaini kwa nini hukusema?"

Kimya kidogo. "Kwa sababu si zote zilikwenda hospitali. Nyingine nilikula. Nilikuwa na madeni yangu, dogo. Sitakudanganya."

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, halafu nikajiandaa kwa mtu niliyemsingizia, nimepata wote wawili kwenye kiti kimoja. Nikamuuliza kiasi gani. Akanitajia. Nikanyamaza tena. Yeye naye akaniuliza kama bado nakumbuka nilichomwita mbele ya wajomba. Nakumbuka. Akasema na yeye anakumbuka.

Mama bado hajui, na hilo hatujakubaliana mpaka leo.

Umeme ukarudi. PS4 ikawaka ikilalamika kwamba haikuzimwa vizuri, feni ya dari ikaanza kuzunguka, ikapakia gemu taratibu mpaka tukajiona tuko chini kule tena, maji ya buluu ukutani, jenereta halijawashwa. Ukishaliwasha, ndiyo safari ya kwenda kukutana na dude.

"Nipe pedi niwashe jenereta," braza akasema, "halafu wewe upigane."

Nikampa. Akasogea nalo karibu, akaweka dole gumba juu ya kitufe, hakubonyeza.

"Uko tayari?"

"Subiri ninywe maji."