Babu Hakupenda Kuitwa Mtu wa Huruma

Wasifu wa babu uliosomwa msibani haukufika hata dakika tano. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa ualimu, akawa afisa elimu maalumu wa wilaya, akastaafu akiwa na miaka 60. Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Baada ya hapo kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mtu wa huruma. Mimi niliyelelewa kwake tangu darasa la tatu naomba nibishe kidogo. Babu hakulipenda neno hilo. "Huruma ni ya Jumapili," alikuwa akisema. "Jumatatu mtoto anataka dawati."

Wengi wetu tukisikia elimu maalumu tunamfikiria mwalimu mpole aliyeinama pembeni ya mtoto. Mtu wa ofisini hatumfikirii kabisa. Lakini ili mtoto asiyeona akutane na huyo mwalimu mpole, lazima kuna mtu alimwandika jina, akamtafutia kitanda bwenini, akahangaikia nauli yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya babu, na nusu yake ni karatasi.

Ilianza na kuhesabu. Shule zilikuwepo zamani: ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Watoto ndio walikuwa hawaonekani. Ukipita kwenye kaya ukauliza kama kuna mtoto mwenye ulemavu, unajibiwa hakuna. Kwa hiyo babu hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Jana usiku mmekula watu wangapi?" Mama anasema saba, uani wamesimama sita. Basi mzee anaomba maji ya kunywa, anakaa, wala hana haraka. Rejesta zake tunazo mpaka leo. Majina kayaandika kwa wino, umri kwa penseli, maana wengi umri wao ulikuwa wa kukisia.

Akishampata mtoto, hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Nukta nundu huwezi kuziandika kwenye karatasi ya daftari. Zinabonyea haraka na vidole havisomi tena. Inatakiwa karatasi nene, na kitabu kimoja cha kawaida kinageuka kuwa majuzuu kadhaa. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, kwa hiyo anahitaji kukaa mbele, mbali na mwanga mkali wa dirishani, apate mtihani wa maandishi makubwa, na kofia ya kutokea nje. Mtoto kiziwi anaweza kufika shule na miaka kumi akiwa na ishara chache tu za nyumbani kwao. Akipelekwa bweni ambalo matroni hajui lugha ya alama, usiku akiumwa atamwambia nani? Kila kimoja cha hivyo ni mstari kwenye bajeti, na kila mstari babu aliugombania vikaoni mpaka akaitwa msumbufu. Jina hilo alilipenda kuliko la huruma.

Alikuwa mbishi hata kwa mambo mazuri. Baada ya mkutano wa Salamanca, Hispania, mwaka 1994, dunia ilianza kuhimiza elimu jumuishi: watoto wote wasome shule moja. Babu aliyesomea fani hii Patandi, Arusha, hakuipinga. Ila aliwauliza wenzake: darasa lina watoto tisini, mwalimu hajui alama hata moja, kiziwi umemjumuisha wapi? "Mmemtoa kufichwa nyumbani, mnaenda kumficha darasani." Bado naona alikuwa na hoja, ingawa najua wapo wanaoamini kwamba tukisubiri kila kitu kikamilike hatutaanza kamwe. Tulibishana sana kuhusu hilo, yeye na redio yake, mimi na simu yangu.

Kustaafu hakukumpumzisha. Wazazi waliendelea kuja na watoto mgongoni, naye akawaandikia barua kwa mkono, na kuambatanisha kurasa za Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 alizotoa kopi kwa pensheni yake. Bibi alilalamika hela ya sukari inaishia stationari. Alikuwa sahihi.

Kila nikirudi likizo, swali lake la kwanza halikuwa matokeo. Lilikuwa, "Darasani kwenu wako wangapi, na wanasomaje?" Nikamweleza: tunaye mwenzetu asiyeona, anatumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Lakini sisi notsi tunazitupia kwenye grupu kama picha za ubao, na programu ile haina cha kusoma kwenye picha. Kipindi kikihamishiwa ghorofa ya tatu, mwenye kiti cha magurudumu anajua akishafika chini ya ngazi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wote tuna huruma tele, tunamshika mkono mpaka kantini.

Sasa wana, semista ndiyo kwanza inaanza. CR, kabla hujafungua grupu la darasa, hesabu. Wako wangapi, na kila mmoja notsi zitamfikiaje? Zichapwe, zitumwe kama maandishi, na ukumbi ukibadilika, wao wawe wa kwanza kuambiwa. Ukiitwa msumbufu, jua kuna mzee mmoja angefurahi kukufahamu.