Harusi ya Ng'ambo

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, hawakutuonya kwamba mgeni asiyejiandaa humzidishia mwenyeji maradhi. Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuwa mgeni wa aina hiyo, nilipoalikwa na mwanafunzi mwenzangu kuhudhuria harusi yake kisiwani Unguja. Nia yangu ni kwamba wewe msomaji, ukialikwa kuvuka mpaka kwa shughuli kama hiyo, usijikwae pale nilipojikwaa mimi.

Niliabiri basi mjini Mombasa nikiwa na pasipoti, kanzu mpya na majivuno tele. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, nami nikadhani yamekwisha. Tulipofika kituo cha mpakani cha Horohoro, niliulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nilikuwa nimekiacha bwenini! Basi likaenda zake, nami nikarudi Mombasa kungoja cheti kiletwe na basi la usiku.

Siku hiyo niliyoipoteza ndiyo iliyonigharimu nikahi. Rafiki yangu hana ndugu wa kiume, na alikuwa ameniomba nitembee kando yake katika msafara wa kumpeleka kuoa. Wenzangu walipokuwa wakimsindikiza, mimi nilikuwa njiani baina ya Tanga na Dar es Salaam, nikihesabu minazi.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni hati. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiwi. Ukishachanjwa hutarudia, kwani tangu mwaka wa 2016 cheti hicho hutambuliwa maisha yote ya mwenye nacho. Pasipoti nayo usiifungie mkobani ukishavuka mpaka wa bara, kwa kuwa utatakiwa kuionyesha tena kwenye bandari ya Zanzibar. Aidha, panga kufika siku mbili kabla ya shughuli. Siku hizo si za anasa, bali ni akiba ya kugharimia ajali kama yangu.

Jambo la pili halimo katika hati yoyote. Nyumba ya akina rafiki yangu iko Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikamwamkia mamake bwana harusi. Aliitikia marahaba kwa bashasha. Kisha, kwa kiu ya safari, nikasema, "Mama, nipe maji ya kunywa."

Kitoto kilichokuwa mkekani kikaangua kicheko. "Bibi, mgeni anakuamrisha!"

Mama alikinyamazisha kwa jicho, akaniletea maji. Nilipokwisha kunywa ndipo aliponiambia kwa upole, "Mwanangu, huku kwetu huwa tunaomba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sentensi yangu haikuwa na kosa la upatanisho wa kisarufi, na mhadhiri yeyote angeipa alama zote. Sisi sote tumefunzwa kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulikiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tumezirithi ngeli zake na msamiati wake, lakini neno "naomba" tumeliacha forodhani. Nyumbani kwetu bara, "nipe" ni neno la kawaida lisilomvunjia mtu heshima. Kule kwa wenyeji wangu lilisikika kama amri ya tajiri kwa mtumishi wake. Basi ewe mwenzangu, kabla ya kufunga mizigo, ujizoeze kusema "naomba" na "samahani" hadi ulimi uzoee.

Fauka ya hayo, uliza kabla ya kutenda. Wanaume na wanawake huenda wakaketi mahali mbalimbali, kwa hivyo usijiingilie tu kwa kuwa umesikia ngoma. Shughuli za wanawake usizipige picha bila idhini. Mavazi yawe ya stara, kwa mume na kwa mke. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Zawadi umkabidhi mtu wa nyumbani, na fedha ubadilishe mapema, maana shilingi ya Kenya haitakufaa kijiweni penye kahawa.

Nilipoaga nilisema, "Naomba radhi, mama, kwa kuikosa nikahi." Akacheka, akanifungia visheti vya njiani. Rafiki yangu naye hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinitumia picha ya msafara ule. Kando yake wa kulia yupo binamu yake, na kushoto pana nafasi ya mtu mmoja.

Cheti changu sasa nakihifadhi ndani ya pasipoti.